Kaimu Wetu wa Shimoni

Jumatatu, 1 Machi

Mvua imeanza na mimi nimeanza kazi, siku moja. Masjala ina vyumba viwili: cha mbele cha kupokelea barua, na cha nyuma chenye makabati ya majalada mpaka darini. Nimepewa meza chini ya mahali paa linapovuja. Ndoo ilikuwa imeshawekwa, kwa hiyo nadhani hawakufanya kwa ubaya.

Tuko wanne. Mkuu wa Masjala, ambaye wote wanamwita Bi Mkuu; mpiga chapa, mama wa makamo mwenye kicheko cha kutikisa vikombe; tarishi, kijana mrefu ambaye hata akikaa anaonekana ana haraka; na mimi. Niko kwenye majaribio hadi mwisho wa Mei. Bi Mkuu ndiye atakayeamua nithibitishwe au nirudi nyumbani. Alinieleza hayo huku akitazama viatu vyangu, vilivyokuwa vinachuruzika maji.

Jioni Mama akaniuliza, "Wamekuthibitisha?"

"Mama, leo ndiyo kwanza nimeanza."

"Nauliza tu."

Jumanne, 2 Machi

Kanuni ya kwanza, niliyoambiwa mara kadhaa kabla ya chai: masjala haifungui barua ya mtu. Tunapokea, tunagonga muhuri, tunapeleka. "Hata ikiwa inatoa moshi," alisema Bi Mkuu, "hatufungui."

Nimeshangaa pia kwamba tarishi anamwita mpiga chapa "Sumu", naye anamwita tarishi "Popo". Wanagombana, nadhani. Nimejifanya sisikii.

Alhamisi, 4 Machi

Hawagombani.

Mchana mvua ilikuwa kubwa, hakuna wa kutoka. Tulipomaliza kula, mpiga chapa akauliza, "Kaimu yu hai?" Tarishi akajibu, "Yu hai, ila njaa inamuuma." Nikasimamisha kijiko. Nilidhani kuna kaimu mkuu fulani amelazwa.

Wakanipeleka chumba cha nyuma, kwenye kompyuta ya zamani. Kioo cheusi, na juu yake vistari na vinukta vilivyopangwa vikawa kuta na sakafu. Katikati palikuwa na ile alama ya katikati ya anwani ya barua pepe. Tarishi akaigusa kwa kidole, kwa upole, kama anagusa mtoto aliyelala.

"Huyu ndiye Kaimu. Anashuka shimoni, sakafu moja baada ya nyingine, mpaka chini kabisa kwenye kito. Ukiona herufi inatembea, hiyo ni kiumbe na inataka kumla."

"Akiliwa?"

"Ameliwa. Tunateua Kaimu mwingine, anaanzia juu. Na shimo linajipanga upya, vyumba vingine, njia nyingine. Ulichokikariri jana hakikusaidii kitu."

"Hakuna kuhifadhi mahali ukarudi ukikosea?"

Mpiga chapa akacheka. "Mwanangu, hapa si shuleni!"

Ofisi nzima ina Kaimu mmoja. Kila mtu anacheza mchana mmoja, kisha anamkabidhi wa zamu inayofuata, makabidhiano kamili kama ya ofisi: uhai wake, chakula chake, silaha, alichobeba, na alipo. Kaimu akifia mikononi mwako, unaitwa jina la kilichomuua, mpaka utakapopata kifo kingine. Na aliyekukabidhi ndiye anayelitaja jina hilo, akiwa amesimama, mbele ya wote. Tarishi alimpoteza kwa popo. Mpiga chapa alikunywa sumu.

"Wewe kwa sasa unaitwa Mgeni," akasema Popo. "Utaingia zamu?"

Nikasema nitafikiria. Nilikuwa nimeshafikiria. Sitaingia. Mtu aliye kwenye majaribio hawezi kumuua Kaimu wa ofisi nzima.

Ijumaa, 5 Machi

Nimeingizwa zamu. Sikuulizwa.

Jumanne, 9 Machi

Leo ilikuwa zamu yangu. Sumu alisimama wima akakariri, "Nakukabidhi Kaimu akiwa hai, uhai mzima, mkate mmoja, panga moja, chupa tatu zisizojulikana na magombo manne ya uchawi yasiyofunguliwa, yuko sakafu ya tatu." Nikaitikia, "Nimempokea."

Nilitazama chumba alichomo Kaimu. Mlango mmoja kushoto, mmoja kulia, giza kote kuwili. Nikagundua kuna kitufe cha kupumzika: ukikibonyeza Kaimu hafanyi lolote, na muda unapita. Nikakibonyeza. Hakuna kilichotokea. Nikabonyeza tena. Ilikuwa raha ambayo sikuitegemea, na nikaendelea hivyo mpaka mapumziko yakaisha.

Nikamkabidhi Popo: Kaimu hai, uhai mzima, yuko pale pale.

Popo akainama kwenye kioo. "Mgeni! Mbona ana njaa hivi?"

"Alikuwa anapumzika."

"Saa nzima?"

Sumu akashika mbavu. "Mwanangu, ulimwajiri alale?"

Mkate wetu wa pekee ukaliwa papo hapo kufidia uangalifu wangu. Bi Mkuu, ambaye hula peke yake mezani kwake chumba cha mbele akiwa ameacha mlango wazi, akaita kwa sauti, "Kelele za nini?" Tukatawanyika kama kuku.

Jumatano, 17 Machi

Mvua. Ndoo imejaa mara nyingi. Kaimu hai.

Jumatatu, 22 Machi

Zamu yangu. Nimemtembeza Kaimu hatua chache kushoto, nikaona herufi, nikarudi kulia, nikafunga mlango. Popo anasema hayo ni maendeleo.

Mama: "Wamekuthibitisha?" Nikamsimulia habari za Kaimu. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama huyo Kaimu yeye amethibitishwa.

Alhamisi, 1 Aprili

Tumefika sakafu ya saba. Hakuna Kaimu aliyewahi kufika huko, na habari zimetoka nje ya masjala: dereva wa gari la ofisi alikuja kuleta bahasha akauliza, "Yule bwana wenu anaendeleaje?" Hata mfagizi anamwombea.

Mimi ninaona jambo lingine. Kila ninapompokea, mfuko wake umezidi kuwa mzito: chupa, magombo, pete, vyote havijaguswa. Mchezo umeanza kuandika kwamba Kaimu amelemewa na anatembea polepole. Nikamuuliza Sumu kwa nini hatusomi magombo.

Akanitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini hatuli meza. "Si yamefungwa?"

"Ndiyo, lakini tumeyaokota sisi."

"Kuokota si kuandikiwa, mwanangu."

"Na chupa?"

"Chupa niliifungua moja tu, na jina langu unalijua."

Nikamgeukia Popo. Popo akakuna kichwa. "Unajua, sijawahi kuliwaza hilo. Nikiona kitu kimefungwa mkono wangu unakiweka tu kwenye mfuko."

Watu wa masjala. Tumempeleka mtu wetu vitani na tumemgeuza tarishi.

Jumanne, 6 Aprili

Bi Mkuu amekuja chumba cha nyuma wakati wa mapumziko kutafuta jalada. Alitafuta kwa muda kwenye kabati lililo nyuma ya kompyuta. Popo aliyekuwa kwenye kiti alijikunja akawa mfupi. Alipoondoka hakuwa na jalada lolote mkononi.

Ijumaa, 9 Aprili

Amekuja tena. Kabati lile lile. Natumai hahesabu dakika zetu.

Jumatano, 14 Aprili

Siku ya kuandika sana.

Nilimpokea Kaimu akiwa na nusu ya uhai, katikati ya ukumbi mkubwa. Nikafanya kama kawaida yangu: hatua moja, natazama, hatua moja, natazama. Wakaja mbwa mwitu. Kwanza mmoja, kutoka juu. Nikarudi nyuma, kwa ule mwendo wa kulemewa, na wengine wakatokea nyuma. Wakamzunguka. Nikamkata mmoja, watatu wakauma. Uhai ukashuka haraka.

Popo akasema, "Kimbia!" Sumu akasema, "Usikimbie, wana miguu minne!" Nikajiona nikiitwa Mbwa. Nikamwona Bi Mkuu akiandika, "Karani Mbwa hafai."

Sijui ni nini kilichonisukuma. Nadhani woga ukizidi unapitiliza, ukatokea upande wa pili. Nikafungua mfuko nikasoma gombo la kwanza.

Ukumbi wote ukang'aa. Nikaona mbwa wengine ambao sikuwa nawajua.

"Ee!" akasema Sumu.

Nikasoma la pili. Panga la Kaimu likawa na kutu. La tatu: mchezo ukaandika kwamba mahali fulani mbali mtu anacheka. Popo akashika kichwa. "Mgeni, unafungua barua za watu!"

"Nafungua!" nikapiga kelele, mimi, ambaye sijawahi kupiga kelele hata uwanjani. Nikasoma la nne, na Kaimu akatoweka.

Akatokea kwenye chumba kidogo chenye mlango uliofungwa, peke yake, uhai umebaki punje. Mbali sana, kwenye pembe nyingine ya ramani, herufi za mbwa zilikuwa zinazungukazunguka zikinusa sakafu tupu. Nikanywa chupa ya kijani. Uhai ukarudi nusu. Nikanywa ya buluu. Kaimu akawa anaelea hewani. Popo alikuwa amepanda juu ya kiti.

Hapo ndipo nikahisi mtu nyuma yangu. Bi Mkuu. Alikuwa amesimama na jalada limefunguliwa mikononi, na jalada lilikuwa juu chini.

"Nani amefungua hayo magombo?"

Sumu akaanza kusema kitu, lakini mimi nikasema, "Mimi, Bi Mkuu." Sauti ilikuwa kama ya panya aliyekanyagwa.

Maji yakadondoka kwenye ndoo. Kisha akauliza, polepole, "Na lile la tatu, la mtu anayecheka. Ni nani?"

"Hatujui, Bi Mkuu."

"Hm," akasema. Akafunga jalada, akarudi mezani kwake.

Nimekula chakula cha jioni mara mbili.

Alhamisi, 15 Aprili

Sikuitwa mezani kwake. Nilisubiri kuitwa siku nzima.

Jumatatu, 26 Aprili

Sakafu ya kumi. Tunafungua kila kitu sasa. Popo ameogelea kwenye tope, amepofuka, amepona. Sumu amevaa pete iliyomfanya Kaimu aone njaa maradufu na hakuweza kuivua. Walicheka mpaka mimi nikacheka. Nimegundua kwamba Sumu huchapa haraka zaidi siku zisizo za zamu yake, ili awahi kuja kutazama.

Alipomaliza kucheka nikamuuliza kwa nini Bi Mkuu hachezi.

"Nani amwalike?" akasema. "Mimi nimefanya naye kazi tangu nina kiuno. Ukimsogelea, anakuuliza jalada liko wapi."

"Labda hajui namna nyingine ya kuanza."

Sumu akanitazama. "Mgeni, wewe si ulikuwa unamuogopa?"

Namuogopa. Hilo halijabadilika. Ila leo nimeona kwamba lile kabati la nyuma ya kompyuta lina majalada ya magari yaliyouzwa zamani, ambayo hakuna mtu duniani anayeyahitaji.

Jumanne, 11 Mei

Mvua zimeanza kupungua. Mama: "Bado?" Bado.

Jumatano, 19 Mei

Sumu ana mafua, hakuja. Popo ametumwa na bahasha upande wa pili wa mji. Zamu ilikuwa yangu. Sakafu ya kumi na mbili, na nilikuta kitu ambacho hatujawahi kukiona: duka, chumba kizima kimepangwa vitu, na mwenye duka amesimama mlangoni. Nilisogea mpaka kizingitini, nikachungulia, nikaona shoka zuri. Sikuingia. Nilitaka kuacha jambo jipya kwa mtu jasiri zaidi.

Tatizo likawa kukabidhi. Kanuni inataka akabidhiwe mtu, siyo kioo, na aliyefuata kwenye zamu alikuwa Popo, ambaye asingerudi kabla ya jioni; naye Sumu, kwa sauti niliyoisikia kwenye simu, asingeweza kucheza hata kesho. Nikatoka kwenda chumba cha mbele. Bi Mkuu alikuwa anamenya chungwa. Nilisimama mbele ya meza yake muda mrefu kiasi kwamba alimenya lote.

"Kuna nini?"

"Bi Mkuu, nina makabidhiano."

"Ya nini?"

Nikasimama wima. "Nakukabidhi Kaimu akiwa hai, uhai mzima, mikate miwili, panga lenye kutu, sarafu za kutosha, yuko sakafu ya kumi na mbili, mlangoni pa duka."

Aliweka chungwa chini. Akafuta vidole kimoja kimoja. Nilihesabu makosa yangu yote tangu Machi.

"Nimempokea," akasema Bi Mkuu.

Alhamisi, 20 Mei

Nitajaribu kuandika kila kitu kwa utaratibu.

Sumu alikuja na skafu shingoni, mafua na yote. Alisema hata angekuwa amekufa angekuja. Popo alileta kiti chenye mto. Bi Mkuu akakaa, akavaa miwani, akaniuliza vitufe, nikamwonyesha. Akaviuliza mara moja tu.

Akamwingiza Kaimu dukani. Mwenye duka akamkaribisha, mchezo ukaandika hivyo. Bi Mkuu akaitikia kwa sauti, "Ahsante." Akazunguka vizuri, hatua za mtu anayekagua. Akaokota shoka. Akaokota gombo moja na ngao. Akageuka akatoka mlangoni na vitu vyake.

Hakuna aliyewahi kukuta duka, kwa hiyo hakuna aliyepiga kelele. Mimi ndiye niliyelikuta jana, na kwenye makabidhiano nilitaja kutu ya panga lakini sikutaja kwamba dukani watu hulipa. Nani angefikiri linahitaji kutajwa? Lakini Bi Mkuu kwa miaka yote hiyo akiingia chumba chochote cha jengo hili akaona jalada, hulichukua akaondoka nalo. Hakuna anayemuuliza. Majalada ni yake.

Mwenye duka akamfuata. Pigo moja, Kaimu akayumba. Bi Mkuu akasema, "Huyu ana nini?" Pigo la pili, na kioo kikawa cheusi na jiwe la kaburi katikati, na maneno: Ameuawa na mwenye duka, akiiba.

Kaimu aliyevuka msimu mzima wa mvua. Popo akaziba mdomo kwa mikono miwili. Kisha, taratibu, vichwa vikageuka kunitazama. Aliyekabidhi ndiye anayetaja.

Nikasimama.

Sumu akanivuta sketi, akanong'ona kwa pua iliyoziba, "Sema Duka, mwanangu. Duka linatosha. Una majaribio wewe."

Na kweli, nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema Duka. Duka ni jina zuri, halimuumizi mtu, na fomu yangu iko kwenye droo yake ya juu, haijajazwa, niliiona asubuhi. Lakini nikamtazama Bi Mkuu. Alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, miwani imeshuka puani, anasubiri. Alikuwa anasubiri jina kama watu wengine. Nikaona wazi kabisa kwamba nikimpa jina la adabu atainuka, ataniambia ahsante, atarudi kula peke yake na mlango wazi mpaka astaafu.

"Aliyeuawa akiiba dukani," nikasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga, "anaitwa Mwizi."

Popo akatoa mlio. Sumu akafumba macho. Bi Mkuu hakusogea. Akanitazama juu ya miwani kwa muda ambao sitaki kuukumbuka.

Simu ya chumba cha mbele ikalia. Hakuna aliyekwenda. Ikalia tena. Bi Mkuu akainuka, akanyoosha nguo yake, akaenda, na tukasikia akiinua mkono wa simu.

"Masjala," akasema. Upande wa pili wakauliza ni nani. "Mwizi anaongea. Nani mwenzangu?"

Sumu alianguka kutoka kwenye kiti, kweli kabisa, chini. Popo alikuwa anapiga kabati kwa ngumi. Nami nilicheka mpaka machozi, na kule mbele Bi Mkuu alikuwa anaeleza kwa ukali, "Hapana, Bwana Mkurugenzi, umesikia vizuri," na sauti yake mwishoni ilivunjika, akashindwa kuendelea, akakata simu.

Ijumaa, 28 Mei

Jua limetoka. Ndoo imepelekwa stoo.

Ameniita mezani kwake mapumziko ya mchana yalipoanza na kunipa karatasi yangu imetiwa saini. Nimethibitishwa. Nilikuwa naikunja vibaya, akaichukua akaikunja yeye.

"Una woga mwingi," alisema. "Lakini ukitakiwa kusema, unasema. Nenda kamwambie mama yako."

Nilimshukuru, nikageuka. Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiita tena, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kumsikia nayo.

"Yule mwenye duka. Mtu akilipa kwanza, anamwacha apite?"

"Anamwacha, Mwizi."

"Hm," akasema, akasukuma bakuli lake la chakula pembeni, akabeba kiti chake na kuelekea chumba cha nyuma.